Tumbaku Iliyonuka Moshi na Somo la Maktaba

“Hivi Hilari, kutafuta kitabu nako kunafundishwa? Si mtu anaingia, anachukua, anatoka?”

Bi. Batuli, jirani anayekaanga vitumbua kwenye kibaraza cha nyumba ya pili, alimuuliza hivyo miaka mitatu iliyopita, siku chuo kilipotangaza somo jipya. Hilari Mlolwa alicheka tu. Jibu hakuwa nalo, na kusema kweli hata yeye alikuwa akijiuliza vivyo hivyo.

Leo jibu analo. Tatizo ni kwamba leo hiyo hiyo wakubwa wake wanakutana kuamua kama somo lenyewe libaki au lifutwe.

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai bado imelalia mabati ya Chuo cha Ualimu Misufini, nje kidogo ya mji wa Tabora. Hilari, mhudumu wa maktaba, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, anafagia chumba. Mkono wake wa kulia umebakiwa na vidole viwili. Ukimwangalia kwa haraka hutambui, maana mpini wa ufagio anaubana kwapani na kazi inakwenda.

Akimaliza kufagia anapanga meza. Kila meza anaiwekea gazeti, kijitabu na kitabu, vyote vikizungumzia jambo moja, lakini visivyokubaliana. Meza ya kwanza ni malaria. Ya pili ni mihogo. Mbele ya meza ya tatu anasimama kidogo, kisha anaweka kijitabu chembamba cha rangi ya kijani, pembe zake zimekunjikakunjika.

“Hiki kina kesi,” anasema taratibu. “Kina kesi ya watu.”

Somo linaitwa Matumizi ya Maktaba. Wanachuo wasiolipenda wanaliita somo la kufuta vumbi. Lina kipindi kimoja kwa wiki na halina mtihani, kwa hiyo anayetaka kulitoroka hulitoroka, na matokeo yake hayaonekani popote.

Aliyelileta ni Mwalimu Katarina Nsimba, mkutubi aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyekubali kuambiwa kuwa kazi yake ni kuonyesha rafu.

“Wapo wanaosema hili si somo, ni maelekezo ya mlangoni,” anasema. “Mimi nasema ni taaluma kama zilivyo nyingine. Mtu anajifunza kutafuta maarifa, anajifunza kuyapima, kisha anajifunza kuyatumia na kumtaja aliyeyasema. Mwalimu asiyejua hayo atanakili ubaoni chochote atakachokuta, na darasa zima litanakili kwake.”

Mwalimu Amir, anayesimamia kilimo chuoni, haoni hivyo. Ndiye aliyepeleka hoja kwenye kamati kwamba kipindi hicho kihamishiwe shambani. Anasema waziwazi, na kwa wema, kwamba nchi inahitaji walimu wanaojua jembe. “Somo lisilo na mtihani ni mazungumzo,” anapenda kusema. “Na mazungumzo yana wakati wake, jioni.”

Hoja yake ikipita, maktaba nayo itafungwa, chumba chake kirudi kuwa ghala la majembe, kama kilivyokuwa zamani, na Hilari atarudishwa kulinda geti.

“Getini mshahara ni uleule wa kima cha chini,” anasema. “Siogopi njaa. Lakini getini kazi yangu ni kufungua na kufunga. Hapa mtu ananijia ananiuliza, nami natafuta naye. Hicho ndicho nitakachokikosa.”

Hilari alizaliwa Igalula, kando ya reli. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kwenda pwani na kurudi kwa njia ile ile ambayo leo inapita nyuma ya chuo. Wajukuu walipomwomba habari za safari, mzee alikuwa akiwaambia kwamba habari ya vita iliyosikiwa Ugogo huwa na maiti kumi, na ikifika Unyanyembe inakuwa na mia. Wao walicheka. Yeye hakuwa akicheka.

Hilari alisoma hadi darasa la nne kwa mapadri, kisha akaajiriwa kwenye reli. Mwaka uliofuata Uhuru, akiunganisha mabehewa, mkono ulibanwa. Alikaa hospitali miezi, akatoka hana kazi. Mke wake Bernadeta ndiye aliyelima karanga na kulisha watoto wanne, na hakuwahi kumsema.

“Usiniandike mimi tu,” anaomba. “Mwandike na Bernadeta. Nilikuwa nimekaa kibarazani kama mzigo uliosahauliwa stesheni, naye kila jioni ananisalimia kana kwamba nimetoka kazini.”

Chuo kilimchukua kuwa mlinzi wa geti. Mwalimu Katarina alipowasili alikuta vitabu vimelazwa chini ya majembe, panya wamezaa ndani ya kamusi. Akauliza mfanyakazi asiyeogopa vumbi. Walinzi wenzake walimsukumia Hilari kwa utani. Alikwenda, hakurudi getini tena.

Rafu za kwanza zilitokana na masanduku ya chai aliyoyatoa Fakhrudin, mwenye duka sokoni. Mpaka leo mfanyabiashara huyo anamwekea Hilari magazeti ya zamani. “Wewe bwana unanimaliza,” humwambia kila akija kuyachukua. “Sukari nifungie nini sasa, shati langu?” Kisha anamwongezea na ya wiki iliyopita.

Kila jioni baada ya kazi Mwalimu Katarina alimkalisha Hilari na kumfundisha: namna ya kusoma kadi za orodha, faharasa ya kitabu ni nini, mwaka wa kuchapwa unatazamwa wapi. Siku moja Hilari akamsimulia jinsi walivyopokea simu za upepo stesheni. Hawakuruhusiwa kuanza na ujumbe. Kwanza walitaja kituo kilichotuma, pili saa, ndipo ujumbe wenyewe. Na aliyepokea alimrudishia aliyetuma, neno kwa neno, asikie kama amesikika.

“Mwalimu akaweka kalamu chini,” Hilari anakumbuka. “Akaniambia, Hilari, kesho tunaanza hivyo.”

Tangu hapo, kwenye chumba hiki, mwanachuo haruhusiwi kueleza kitabu kimesema nini kabla hajasema kimetoka wapi, cha lini, na kilikuwa kikimwambia nani.

Saa mbili kasoro, Bi. Batuli anaingia na kapu lake la vitumbua, jambo ambalo si kawaida. Huwa anauzia getini.

“Hilari, kuna mzee pale nje,” anasema kwa sauti ya chini. “Ana furushi la tumbaku na uso kama wa polisi. Anawauliza watu, wenye vitabu wanakaa wapi.”

“Ametoka wapi?”

“Itobela, kasema.”

Hilari anakaa kwenye benchi. Itobela anaijua, ingawa hajawahi kufika. Ni kijiji cha ujamaa cha upande wa Isikizya, watu walihamia hapo miaka miwili iliyopita. Wengi wao walikuwa wafugaji na wakulima wa uwele, tumbaku hawakuwahi kuigusa. Bwana shamba wao ana vijiji vingi na baiskeli moja. Basi mwanachuo aliyepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha, kijana anayeitwa Tobias, aliwapelekea kijitabu, kile cha kijani alichokirudisha baadaye.

Kijitabu kilikuwa na maneno mazuri ya Kiswahili na picha ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Watu wakaijenga kama ilivyochorwa. Wakawasha moto wa magogo sakafuni, katikati, moshi ukapanda kwenye majani siku baada ya siku.

Huku Tabora tumbaku haikaushwi hivyo. Hukaushwa kwa joto la mabomba, moshi wenyewe unatolewa nje. Iliyokaushwa kwa moshi ipo, ni tumbaku halali, ina wakulima wake na wanunuzi wake, lakini ni ya kusini, na hata mbegu yake ni nyingine. Itobela walipofikisha mzigo wao sokoni, mpanga madaraja alinusa robota la kwanza, akalisukuma kwa mguu, akaita linalofuata. Lililofuata nalo akalinusa. Msimu mzima wa kijiji ukaishia hapo, juu ya mizani ambayo haikupima kitu.

“Mwambie wakubwa wamesafiri,” Bi. Batuli anashauri. “Aje wiki ijayo. Leo hii, na mkutano wenu huu, akiingia na furushi lile kwisha kazi. Yule bwana wa kilimo atamkumbatia.”

“Najua.”

“Unajua, na bado umekaa unanitazama?”

Hilari anapiga ishara ya msalaba, kama alivyozoea kufanya kila alipovuka reli, anainuka na kwenda getini.

“Mwangaluka, baba,” anasalimia.

“Mwangaluka.” Mzee ni mfupi, amevaa koti la kijeshi lililofifia. Jina lake ni Lugembe, mwenyekiti wa kikundi cha tumbaku. “Wewe ndiye wa vitabu?”

“Mimi ni mhudumu wa maktaba.”

“Nusa.”

Hilari anainama juu ya furushi. Linanuka kama nyama iliyoning’inizwa juu ya jiko.

“Nimekuja kuwaambia msituletee tena karatasi,” anasema Lugembe. “Leteni mtu. Karatasi kaeni nazo.”

“Mzee wangu, hilo kalisemee ndani. Lakini kwanza kuna kipindi. Kaa usikilize, kisha nitakupeleka kwa wakubwa mwenyewe, kwa mkono wangu.”

“Kipindi cha nini?”

“Cha hicho kijitabu.”

Lugembe ananunua vitumbua viwili kwa Bi. Batuli, anavifunga kwenye leso, anamfuata.

Chumba kimejaa. Mwalimu Katarina anamkaribisha mgeni kiti cha mbele, naye anakataa, anakaa nyuma kwenye benchi na furushi lake magotini. Harufu inasambaa taratibu. Msichana mmoja anamnong’oneza mwenzake, “Nani anachoma?”

Meza ya malaria inaeleza yake. Meza ya mihogo inabishana hadi Mwalimu Katarina anagonga meza. Kisha anasimama Tobias. Ni kijana wa mabega mapana, mchezaji wa timu ya chuo. Amemwona Lugembe, na mikono yake imekosa pa kukaa.

“Kijitabu hiki kinasema nini, Tobias?” anauliza Mwalimu Katarina.

“Mwalimu, kwanza kimetoka wapi.”

“Haya.”

“Kimeandikwa kwa ajili ya wakulima wa kusini wanaokausha tumbaku kwa moshi. Limeandikwa jambo hilo hapa, nyuma ya jalada.” Anakigeuza kijitabu kuwaonyesha. “Sikugeuza. Siku ya kipindi hiki tulikuwa Igunga tunacheza mpira. Nilifungua penye picha, nikaona bani, nikaona inatosha.”

Mtu anacheka mbele, kisha anajikuta anacheka peke yake.

“Mlishinda?” Sauti inatoka nyuma. Ni Lugembe.

“Tulifungwa, mzee.”

“Basi siku ile tulifungwa wote.”

Sasa wanacheka kweli, hata Mwalimu Katarina. Lugembe hacheki. Anasimama, anaegemea ukuta.

“Nani mwingine humu hajawahi kugeuza jalada?” anauliza.

Mkono mmoja unainuka karibu na dirisha. Unainuka wa pili. Halafu inainuka mingi, mingine hadi usawa wa sikio tu, kama ya watu wanaotaka kuhesabiwa bila kuonekana.

“Mimi nilimaliza kisomo cha watu wazima mwaka jana,” anasema Lugembe. “Miaka hamsini na kitu, nikajua kusoma. Kijana huyu alipoleta kijitabu, nikamwambia leta, nitawasomea mwenyewe. Nikasimama mbele ya wenzangu nikakisoma chote, mke wangu anasikia. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikilizwa hivyo.” Anafuta mdomo kwa kiganja. “Nami sikugeuza.”

Anakaa. Mwalimu Katarina anakizungusha kijitabu meza hadi meza, na kila mwanachuo anageuza jalada, anasoma, anampa anayefuata.

Baada ya kipindi Hilari anampelekea mgeni chai nyuma ya maktaba. Mara hii mzee anauliza maswali: mtu wa kijijini anaweza kuingia humu? Kitabu kinaazimwa kwa muda gani? Ya tumbaku ya mabomba ipo? Ipo. Hilari anamtolea, na mzee, kabla hajakifungua, anakigeuza nyuma.

Hilari anamweleza analolitamani. Anataka akubaliwe kwenye mafunzo ya wahudumu wa maktaba huko Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Katarina amemwombea. Akirudi, anataka kila Jumamosi apeleke sanduku la vitabu vijijini kwa baiskeli, kuanzia Itobela, asiliache tu na kuondoka, bali akae na watu mpaka waulize.

“Kwa mkono huo, na baiskeli?” anauliza Lugembe.

“Breki ninayo ya kushoto. Ya kulia nimwachie Mungu.”

“Utaumia.”

“Nilishaumia, mzee wangu. Mungu akanipa na kazi hii juu yake. Siwezi kusema alinidhulumu.”

Kamati inakaa saa nne katika ofisi ya Mkuu wa Chuo, Ndugu Raymundi. Hilari yumo kama mwakilishi wa wafanyakazi, kwa kuwa siku hizi wafanyakazi nao wana kiti kwenye vikao. Ukutani upo ubao mweusi wenye ratiba ya muhula ujao, imeandikwa kwa chaki. Siku ya Ijumaa, mahali pa Matumizi ya Maktaba, pamewekwa alama ya kuuliza.

Mwalimu Amir anaanza, na anazungumza vizuri. Habari ya Itobela imemfikia, sasa anaitumia.

“Tobias angekuwa anaijua tumbaku, asingehitaji kijitabu,” anasema. “Nipeni hiyo saa niwafundishe tumbaku. Ndiyo dawa.”

“Mwaka huu ni tumbaku,” anajibu Mwalimu Katarina. “Mwakani watapelekwa Igunga kwenye pamba na mpunga. Mwaka unaofuata ni nyuki. Utawafundisha yote, Mwalimu Amir?”

“Nitajitahidi.”

“Na wewe mwenyewe usilolijua, utalitafuta wapi?”

Wajumbe wanatabasamu, lakini Hilari anawaangalia macho na kuona kuwa wengi wako upande wa shamba. Mkuu wa Chuo anamgeukia. “Ndugu Mlolwa, wafanyakazi wanasemaje?”

Hilari anasimama. “Ndugu Mkuu, mimi nikisema, nitakuwa nalisemea tumbo langu, maana somo likifutwa narudi getini. Nina mgeni hapo nje. Ametoka huko walimu wetu wanakokwenda. Naomba aulizwe yeye.”

Mwalimu Katarina anamtazama kama mtu aliyesukumwa majini. Mwalimu Amir anaitikia haraka kwamba mgeni aingie, aingie.

Lugembe anaingia na furushi. Anawasalimia wote mmoja mmoja, analiweka furushi mezani, juu ya makaratasi yao.

“Asubuhi nilikuja kuwaambia msituletee karatasi,” anasema. “Sisemi hivyo tena. Leteni. Lakini mwalimu atakayekuja nazo awe amefundishwa kuziuliza, na awe amepimwa kwa mtihani, siyo ajifunze juu ya msimu wetu.”

Mkuu wa Chuo anaandika. Kalamu inasikika.

“Na mimi nina swali,” Lugembe anaendelea. “Nimelijifunza leo leo hapa, mnivumilie nikikosea. Kijitabu kile kabla ya kufika kwetu kilikuwa mkononi mwa kijana. Kabla ya mkono wa kijana, kilitoka wapi? Maktaba wananiambia hakikuwa chao.”

Hilari anainamisha kichwa. Jambo hilo analijua yeye, analijua na Tobias, ambaye hakulisema mbele ya darasa wala mahali pengine. Nje wanachuo wanapita na majembe, wanaimba.

“Kwangu,” anasema Mwalimu Amir.

Sauti yake ni ya kawaida kabisa. “Alinikuta nimeshika baiskeli nakwenda shambani. Akasema, mwalimu, nakwenda kwa watu wa tumbaku. Nikamwambia ingia ofisini, chukua kile cha kijani, kina tumbaku.”

Lugembe anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa alichouliza. Hamlaumu. Anavuta furushi lake kidogo pembeni, lisimkae mwalimu mbele ya uso.

Mwalimu Amir anainuka. Anakwenda ubaoni. Anatafuta kwa kidole Jumatatu, kipindi cha kwanza, saa yake mwenyewe, ile ya baridi ambayo wanachuo wote huwa macho. Anaifuta kwa kiganja. Anaandika Maktaba, na chini yake, kwa herufi ndogo, mtihani. Kwenye Ijumaa anafuta alama ya kuuliza, na kipindi cha zamani kinabaki.

Anaweka chaki kwenye kibao chake, anajipangusa mkono kwenye suruali, anapita nyuma ya kiti cha Hilari na kumgusa bega, kisha anafungua mlango na kutoka.